Bonasi Yao ni Ngapi? Likizo na Mama Katika Milima ya Chai ya Munnar

Hapa Kisumu ukisema unampeleka mama yako India, watu hushusha sauti na kuuliza anaugua nini. Wenzangu katika chumba cha walimu waliniuliza hivyo. Mama ninayenunua mboga kwake sokoni Kibuye aliniuliza hivyo. Jirani mmoja mwenye roho nzuri alinitumia elfu moja kwa M-Pesa, ya kusaidia matibabu, kabla sijapata nafasi ya kumweleza. Ikabidi niwe narudia jibu lilelile: mama ni mzima, bado anapanda kilima cha kwetu Nyamira na gunia la majani mgongoni, na tunaenda kutembea tu. Kula, kulala, kuangalia milima. Mama ana miaka sitini na kitu na hajawahi kupumzika wiki nzima maishani mwake, kwa sababu majanichai hayamngoji mtu. Ukichuna leo, baada ya siku kumi hivi kichaka kimechipuka tena, uwe msimu wa mvua, wa matanga au wa Krismasi.

Safari yenyewe ilitokana na kitinda mimba wetu, anayesomea Kochi, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili, na kwa miaka mingi nimeyachora ubaoni maeneo ya chai: Kericho, Nandi, Nyamira, Limuru, halafu ng'ambo huko Assam, Darjeeling na milima ya kusini mwa India. Nilitamani kuona kwa macho yangu angalau eneo moja kati ya hayo ya mbali. Fedha zilitoka katika zamu yangu ya chama na akiba ya Sacco. Mama alipinga. "Hiyo pesa si ni ng'ombe wa gredi, tena mwenye mimba?" aliniuliza, na hesabu yake ilikuwa sawa kabisa. Kilichomgeuza ni picha ya Munnar, mji wa milima ya chai huko huko Kerala, aliyotumiwa na kijana wake. Aliikuza kwa vidole, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hawa wamepogoa vizuri. Lakini mbona wameacha njia nyingi hivi?" Hapo nikajua atakuja.

Habari za ndege si nyingi. Kisumu hadi Nairobi, Nairobi hadi Mumbai, Mumbai hadi Kochi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano mkononi, maana India hukidai kwa anayetoka kwetu. Uwanja wa ndege wa Kochi ndio uliokuwa wa kwanza duniani kujiendesha kwa umeme wa jua, mwaka 2015. Mama alipoelezwa hivyo na mwanawe alisimama dirishani akazitafuta paneli hadi akaziona.

Kutoka Kochi kwenda Munnar ni kama kilomita 130, lakini usihesabu kilomita, hesabu saa nne au tano. Kule chini kuna joto la Kisumu la mwezi wa pili, minanasi, na mashamba ya mpira yenye vikombe vilivyofungwa shinani kukinga utomvu. Kisha unavuka mto Periyar kwa daraja la Neriamangalam, la mwaka 1935, na kuanzia hapo barabara inajipinda kupanda safu ya milima ya Western Ghats. Maporomoko ya Valara na Cheeyappara yako kando ya barabara kabisa, magari yanasimama, watu wananunua mahindi ya kuchoma. Mpilipili manga umeparamia kila mti. Chini ya msitu, kivulini, kuna iliki. Mama ametia iliki kwenye chai na pilau tangu aolewe na hakuwa ameona mmea wake. Dereva alituonyesha: majani marefu ya jamii ya tangawizi, na vile vidonge vyenyewe vinazaliwa chini kabisa, karibu na udongo. Aliinama akavigusa, akaniambia nipige picha, halafu akaniambia nipige tena kwa karibu.

Tulipopita Adimali baridi ikaanza, na tulipopita Pallivasal chai ikafunguka pande zote mbili, juu na chini, hadi kwenye miamba. Mama alimwomba dereva asimamishe gari. Hakuangalia mandhari kwanza. Alienda moja kwa moja kwenye kichaka cha ukingoni, akakibonyeza juu kwa kiganja kuona kama kimekaa sawa, kisha akapanua matawi akachungulia shina. Lilikuwa nene kuliko paja la mtoto. "Huyu ni mzee," akasema. "Amenizidi miaka."

Huenda alikuwa sahihi. Milima hii ilikodishwa mwaka 1877 kutoka kwa ukoo wa kifalme wa Poonjar na Mzungu aliyeitwa John Daniel Munro, na miaka michache baadaye A. H. Sharp akapanda chai ya kwanza mahali panapoitwa Parvathi. Kwetu Kenya chai ilifika 1903, Limuru, kwa miche iliyotoka huku huku India, ikapandwa na walowezi wa familia ya Caine. Mashamba makubwa ya Kericho yakafuata katika miaka ya 1920. Na hapa ndipo nilipomwona mama akitega sikio: kampuni ya Finlay ya Glasgow, iliyokuwa ikisimamia mashamba ya Munnar tangu mwisho wa karne ya 19, ndiyo hiyo hiyo iliyokuja kufungua mashamba Kericho. Marehemu babu yangu mzaa mama alichuna chai ya Wazungu Kericho akiwa kijana. Mwafrika mwenyewe alianza kuruhusiwa kupanda chai yake katika miaka ya 1950, na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ikaundwa 1964. "Kwa hivyo baba yangu na watu wa hapa walikuwa na tajiri mmoja," mama akasema. Alilirudia jambo hilo mara nyingi safarini, na kila aliporudia niliona jinsi mahali hapa palivyokuwa panaacha kuwa ugenini kwake.

Siku iliyofuata, kwenye njia ya kwenda bwawa la Mattupetty, tulikuta wanawake wakichuna. Walikuwa wamejifunga turubai kiunoni ili umande usiwaloweshe, vitambaa kichwani, na mikononi makasi makubwa yenye kisanduku cha kudakia majani. Mama alikunja uso. Kwetu mkulima mdogo akipeleka majani ya makasi kwenye kituo, karani anayarudisha kabla hayajafika kwenye mizani. Kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi, kwa mkono. Mwanamke mmoja wa rika lake alimwona anavyoangalia. Akasimama, akauliza kitu kwa Kitamil. Dereva akageuza kwa Kiingereza, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na mazungumzo yakaenda hivyo, kwa kupokezana.

Yule mama alitaka kujua tunatoka wapi na kwa nini huyu mgeni anaitazama chai kama mkaguzi. Mama hakujibu kwa maneno. Aliingia kwenye mstari akachuna, mikono yote miwili kwa pamoja, upesi, bila kuangalia vidole, na mkono ulipojaa ukaenda wenyewe nyuma ya bega kutafuta kikapu ambacho hakikuwepo. Wale wanawake walipiga kelele za furaha. Mmoja akaja akachukua yale majani kiganjani mwake, akayachambua, akawaonyesha wenzake: majani mawili na chipukizi, yote. Kisha yule wa rika lake akaushika mkono wa mama akaugeuza. Vidole vya mama, gumba na kile cha shahada, vina weusi wa utomvu usiotoka hata kwa sabuni ya kipande. Naye yule mwenzake alifungua kiganja chake: sugu za makasi katikati, ngumu na za manjano. Wakakaa hivyo, mikono imeshikana, kila mmoja akimwambia mwenzake jambo kwa lugha yake.

Halafu mama akaniambia, "Muulize bonasi yao ni ngapi."

Nilitaka kumwambia mama kwamba tuko likizo. Nashukuru sikusema, kwa sababu swali hilo ndilo lililotufungulia Munnar yote. Wanalipwa mshahara wa siku, na nyongeza kwa kila kilo inayopita kiwango kilichowekwa. Bonasi huja mara moja kwa mwaka, na sheria ya India ya 1965 ilisema isiwe chini ya asilimia 8.33 ya mshahara wala isizidi asilimia 20. Walikuwa wamezoea asilimia 20, mwaka 2015 wakaambiwa watapata 10. Septemba mwaka huo maelfu ya wanawake waliacha makasi, wakateremka mjini wakakaa barabarani. Barabara ikafungwa, watalii wakakwama. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi, wanaume karibu wote, walipokuja kusema kwa niaba yao, wanawake waliwafukuza. Walisema hao wamekuwa wakila na wenye mali. Wakajiita Pombilai Orumai, umoja wa wanawake. Siku ya tisa waliondoka barabarani wakiwa wameahidiwa asilimia 20. Mshahara waliotaka, rupia 500 kwa siku, hawakuupata. Ulikuwa 232, baadaye ukapandishwa hadi 301.

Yule mama alikuwa miongoni mwao. Alituonyesha kwa makasi upande ulipo mji, walikokaa. Mama alimtaka arudie kisa tangu mwanzo, na dereva, Mungu ambariki, akarudia kutafsiri kila neno.

Kuna jambo moja zaidi, na mama alilishika kuliko mimi. Tangu 2005, mashamba mengi ya Munnar yalipoachwa na kampuni ya Tata, yako chini ya kampuni ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake ni za wafanyakazi wenyewe. Mama ana hisa pia, za kiwanda chao, cheti chake kiko ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Usiku huo alikaa kitandani na blanketi mabegani akaniambia, "Kumbe wao ni wenye kampuni kama sisi, na bado ilibidi wakae barabarani." Wakulima wa chai wa magharibi ya Bonde la Ufa tunajua ladha ya maneno hayo. Kila Oktoba bonasi ikitangazwa tunasoma ya wenzetu wa mashariki, kisha tunasoma yetu, iliyo chini. Jani ni lile lile na jasho ni lile lile, na mama ameusomesha ukoo mzima kwa hayo majani. Naumia kila mwaka ninapomwona akikunja ile karatasi ya malipo. Ninasema hivi kwa sababu watu wengi wanaandika kuhusu Munnar kana kwamba ni zulia la kijani lililotandikwa kwa ajili ya picha zetu. Ni kweli pazuri. Nimelia kwa uzuri wake asubuhi moja ukungu ukiinuka bondeni. Lakini uzuri huo unakatwa kila wiki na watu, na ukiwajua hao watu unaupenda zaidi.

Makumbusho ya chai yako Nallathanni, karibu na mji, nayo yalifunguliwa 2005. Kuna saa ya jua ya jiwe ya mwaka 1913, simu za kuzungusha, na gurudumu la maji lililokuwa likizalisha umeme wa kiwanda. Kuna pia mashine ndogo inayosaga, kuchana na kukunja majani, ile njia iliyobuniwa Assam mwanzoni mwa miaka ya 1930 na inayotengeneza karibu chai yote ya Kenya. Mama amepeleka majani kiwandani miaka yote hii na hakuwa amewahi kusimama karibu na mashine inapofanya kazi. Aliyaona yanaingia mabichi, yanatoka kama punje, yanageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba kwa hewa tu. Alisimama hapo hadi maonyesho mawili yakapita.

Mimi kilichonishika ni reli. Munnar ilikuwa na treni, nani angejua! Reli ya bonde la Kundala ilianza 1902, mwaka mmoja tu baada ya reli kufika Kisumu, ikabeba chai hadi Top Station, ambako ilishushwa kwa kamba hadi tambarare za Tamil Nadu. Julai 1924 mvua kubwa ilileta mafuriko ambayo Kerala nzima bado inayataja, yakaibeba reli yote. Haikujengwa tena. Jengo la stesheni limebaki, ni ofisi ya kampuni.

Mvua hizo hazijaisha. Tulipokwenda mbuga ya Eravikulam, dereva alitaja Pettimudi, iliyo nyuma ya milima hiyo. Usiku wa tarehe 6 Agosti 2020 mlima uliporomoka juu ya nyumba za laini za wafanyakazi wa chai, watu 70 wakafa, familia baada ya familia. Nyumba hizo ni zile zile za Kericho: chumba kimoja, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani, zimepangwa mahali pasipofaa kupanda chai. Mama alivua kitambaa chake, akasali kimya ndani ya gari.

Eravikulam yenyewe unapanda kwa basi la mbuga, kisha kwa miguu kwenye njia ya lami. Anamudi, kilele cha mita 2,695, kirefu kuliko vyote kusini mwa India, kiko mbele yako. Mbuzi wa porini wa Nilgiri wanakuja hadi ukingoni mwa njia, hawaogopi. Wanapatikana katika milima hii tu, hakuna kwingine duniani. Majani ya kurinji yamejaa kwenye miteremko lakini hayana ua: hutoa maua mara moja kila miaka 12, mlima mzima kuwa wa zambarau. Mara ya mwisho ilikuwa 2018. Mara ijayo ni 2030.

Jumapili tulisali katika kanisa Katoliki la Mlima Karmeli, misa kwa Kitamil, na mama alijibu kila sehemu kwa Kiswahili bila kukosea wakati wake. Wakristo wa Kerala wanaamini Injili waliletewa na Mtume Tomaso mwenyewe, mwaka 52. Mama alilifikiria hilo hadi chakula cha mchana. Chakula nacho! Wali wa punje nene nyekundu juu ya jani la mgomba, dengu, nazi katika kila kitu, puttu ya unga wa mchele iliyopikwa kwa mvuke na kuliwa na kari ya dengu nyeusi. Mgomba tunao tele Nyamira, na hatukuwahi kufikiria kutumia jani lake kama sahani. Sasa mama anapokea wageni hivyo.

Chai ya kunywa? Kwenye vibanda vya barabarani muuzaji huimimina kutoka juu ya kichwa hadi usawa wa kiuno, kikombe hadi kikombe, mpaka povu lisimame. Maziwa, sukari nyingi, tangawizi au iliki. Mama alikunywa, akafikiri, akasema ni nzuri lakini yetu ina nguvu zaidi. Nakubaliana naye kwa moyo wangu wote.

Tangu turudi nimekuwa nikijiuliza kwa nini vilima vyetu havina makumbusho kama yale ya Nallathanni. Chai ya Nyamira, Nandi na Kericho ina miaka ya kutosha, ina mashine za zamani zinazokula kutu nyuma ya viwanda, na ina wazee kama mama wanaoweza kumshika mtoto wa Kisumu mkono wakamwonyesha jani la kuchuna na la kuacha. Nimeanza na langu. Muhula huu nawapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu shambani kwetu, na mama ndiye mwalimu. Yeye naye hakukaa kimya. Kwenye mkutano wa wakulima wa kituo chao alisimama, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawasimulia wanawake wa Munnar na zile siku tisa. Kisha akamtaka mkurugenzi aeleze, kilo kwa kilo, bonasi inavyohesabiwa. Ameahidiwa jibu kwa maandishi na anafuatilia.

Kwa walioniuliza kuhusu mipango: viza ya India tuliiomba kwa intaneti, na cheti cha homa ya manjano hakikisha umekipata mapema. Desemba na Januari hakuna mvua nyingi lakini usiku ni baridi ya kutetemesha, beba sweta mbili na soksi za mzazi. Juni hadi Septemba ni masika yao, barabara za mlimani huwa hatari. Mabasi mekundu ya serikali, KSRTC, yanatoka Kochi hadi Munnar kwa nauli ndogo, ila kwa mtu mzima mwenye magoti mabovu kodi gari. Eravikulam kwa kawaida hufungwa Februari na Machi wale mbuzi wanapozaa, kwa hivyo uliza kwanza kabla hujakata tiketi ya ndege.